SOMO LA LEO: Mtaji mmoja, majina mawili ya duka. Yanalipa au yanakulana?



Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti. Mmoja yupo Namanyere, mmoja Laela, mmoja hapa hapa Sumbawanga mjini. Swali lenyewe ni hili: "Dada, nina akaunti yangu inauza vizuri tu. Nataka nifungue ya pili kwa jina lingine, niweke vitu vya bei ya chini. Unanishaurije?" Huyu wa Laela ameshamlipa mtu wa kumchorea nembo, kwa hiyo bora tuongee mapema kabla hajamwaga hela nyingine kwenye matangazo.

Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja pembeni, tukae darasani wote. Na nitaanzia mbali kidogo, kwa wenye supamaketi, maana hili swali wao wanahangaika nalo miaka na miaka na wamelijibu kwa mabilioni yao. Sisi tunachukua jibu bure. Siongelei supamaketi za huku kwetu, ambapo duka likipata rafu tatu na friji la soda tayari limeandikwa "Supermarket" mlangoni. Naongelea makampuni yenye maduka mamia. Mimi shule niliishia kidato cha nne, haya nimeyaokota kwa kusoma kwenye simu usiku nikishafunga duka, na kwa kuuza. Twende.

Shoprite mnaikumbuka, hasa mliowahi kukaa Dar au Arusha. Ni kampuni ya Afrika Kusini. Ilianza mwaka 1979 na maduka manane tu, kule upande wa Cape Town. Mwaka 1991 ikanunua maduka ya Checkers. Mwaka 1997 ikanunua OK Bazaars kwa randi moja. Ndiyo, randi moja, umesoma sawasawa, lakini ukinunua kampuni yenye hasara kwa randi moja unabeba na hasara zake, kwa hiyo usiwaonee wivu.

Sasa angalia walichofanya na hayo majina. Wangeweza kupaka rangi kila kitu kiwe Shoprite. Hawakufanya hivyo. Checkers wakaiacha na jina lake, wakaisogeza kwa watu wenye kipato kizuri: nyama nzuri, jibini, mvinyo, duka lina mwanga na nafasi ya kupita. Shoprite ikabaki kwa watu wa kati na wa chini, wale wanaopiga hesabu ya unga, mafuta na sabuni kila mwezi. Halafu chini kabisa wakaanzisha Usave, kaduka kadogo, bidhaa chache za lazima, hakuna mbwembwe, kanaingia hadi vitongojini ambako duka kubwa haliwezi kusimama. Tajiri mmoja, nchi moja, majina matatu ya kuuza chakula. Na imewakubali, leo ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa Afrika.

Hapo ndipo mtu anasema, "Si umeona? Na mimi nifungue akaunti tatu." Subiri kwanza.

Nyuma ya hayo majina matatu kuna stoo moja. Sukari inanunuliwa kwa pamoja, malori ni yale yale, maghala ni yale yale. Wanapokaa na mwenye kiwanda cha mafuta hawaongei kama maduka matatu madogo, wanaongea kama mnunuzi mmoja mkubwa, kwa hiyo bei wanayopata ni moja na ni nzuri. Majina ni mengi mbele kwa mteja. Nyuma kwenye gharama, jina ni moja. Ukigeuza hiyo, yaani ukawa na akaunti mbili, namba mbili, mizigo miwili kutoka Kariakoo kwa mabasi mawili, wapiga picha wawili, utakuwa umechukua nembo ya Shoprite bila kuchukua akili yake.

Jambo la pili, mteja wa Checkers na mteja wa Usave hawakutani. Hawaishi mtaa mmoja, hawanunui kiasi kimoja, na ukiwaweka kwenye duka moja mmoja atakimbia. Yule wa Checkers atasema hapa pamejaa sana, yule wa Usave atasimama mlangoni aseme hapa si pangu. Ndiyo maana hata walipoanzisha huduma ya kuletewa mzigo nyumbani ndani ya dakika sitini, mwaka 2019, waliiita Checkers Sixty60. Waliipa jina la duka ambalo wateja wake walikuwa tayari na uwezo wa kulipia kuletewa. Hilo sisi wauzaji wa mtandaoni tuliweke kichwani: jina la pili lina kazi pale ambapo jina la kwanza linamfukuza mteja.

Sasa upande wa pili wa shilingi.

Uingereza kuna Tesco, supamaketi kubwa kuliko zote kule. Wakaja Wajerumani wawili, Aldi na Lidl, wakaanza kuwachukulia wateja kwa bei ya chini. Tesco wakafikiria kama mnavyofikiria nyie: hatuwezi kushusha bei ya duka letu lote, basi tufungue duka la jina lingine la bei chee. Septemba 2018 wakafungua Jack's, jina limetoka kwa mwanzilishi wa Tesco, Jack Cohen. Hesabu ya kampuni kubwa hiyo, wataalamu wamekaa vikao. Januari 2022 wakatangaza wanaifunga. Maduka yalikuwa yamefika 13 tu, mengine yakafungwa moja kwa moja, mengine yakageuzwa kuwa Tesco.

Kwa nini Shoprite waliweza na Tesco wakashindwa? Kila mchambuzi ana lake, mimi nawapa ninavyoiona. Mteja wa bei ya chini kule Uingereza alikuwa ameshaingia Aldi na Lidl, hakuwa anasubiri Jack's. Na aliyekuwa mteja wa Tesco, Jack's ilipofunguliwa jirani yake, akiingia mule anakuwa ametoka mfuko wa kulia wa tajiri yule yule kwenda mfuko wa kushoto, tena kwa faida ndogo zaidi. Halafu Tesco wakagundua dawa nyepesi zaidi: ndani ya Tesco yenyewe wakachagua bidhaa kadhaa wakatangaza kwamba hizi bei yake ni sawa na ya Aldi. Jina lile lile, rafu ile ile, wateja wakaelewa.

Huku kuchukuliana wateja wewe na wewe ndiko kunakoua wadogo wengi, na hakuonekani kwa macho. Tupige hesabu. Chukua kalamu, hizi namba ni za mfano tu.

Tuseme una akaunti moja ya masweta. Unauza masweta 40 kwa mwezi, kila moja linakuachia faida ya 5,000. Hiyo ni 200,000. Bando na matangazo yanakula 50,000. Unabaki na 150,000.

Unafungua akaunti ya pili ya masweta ya bei nafuu, faida 2,500 kwa kila moja. Mwezi wa kwanza inauza 25. Unashangilia. Lakini akaunti ya kwanza imeshuka kutoka 40 hadi 30, maana watu kumi wamehamia kwenye bei nafuu. Sasa: 30 mara 5,000 ni 150,000. Na 25 mara 2,500 ni 62,500. Jumla 212,500. Toa gharama za zamani 50,000, toa na za akaunti mpya, tuseme bando na matangazo 25,000. Umebaki na 137,500.

Umetoka kuuza vipande 40 ukauza 55. Umefunga vifurushi vingi zaidi, umejibu meseji nyingi zaidi, bodaboda amekuja mara nyingi zaidi, na mfukoni umepungukiwa 12,500. Ukiangalia idadi ya oda utaapa biashara inakua. Ndiyo maana nasema kabla hujafungua jina la pili usijiulize litauza ngapi. Jiulize katika hao litakaowauzia, wangapi wasingenunua kwako kabisa. Hao tu ndio wateja wapya.

Turudi huku kwetu Afrika Mashariki. Kenya kulikuwa na supamaketi mbili za kati, Tumaini na Quickmart. Wawekezaji, kampuni inaitwa Adenia, wakanunua hisa za Tumaini mwaka 2018, halafu wakachukua na Quickmart, wakaziunganisha. Wakajikuta kama sisi: tuna majina mawili, soko moja, tufanyeje? Hawakucheza. Kufikia mwaka 2020 Tumaini ikawa inabadilishwa mabango kuwa Quickmart. Wateja wa yote mawili walikuwa watu wa aina moja, familia ya mjini inayonunua maziwa, mkate, unga na mboga karibu na nyumbani. Ya nini kutangaza mara mbili kwa mtu yule yule? Na Naivas, ambao leo wana matawi zaidi ya 100 Kenya, wanatembea na jina moja mtaa wa matajiri na mtaa wa kawaida. Wanachobadilisha ni ukubwa wa duka na kilichomo ndani.

Kuna wanaoniambia, "Mbona makampuni mengine Marekani yana majina kumi?" Kweli, Kroger ana Ralphs, ana Fred Meyer, ana Smith's na mengine. Ila mengi aliyanunua yakiwa tayari yanajulikana kwenye mikoa yake, akaona ya nini kumfuta jina ambalo watu wa pale wamelizoea tangu bibi zao. Kila jina lina eneo lake. Hapa Tanzania tuliona kitu cha namna hiyo kwenye simu. Wenye Tigo walinunua Zantel mwaka 2015, na jina la Zantel halikufutwa kesho yake, maana Zanzibar lilikuwa jina la nyumbani. Ilichukua miaka. Na Tigo wenyewe mnajua, Novemba 2024 wakawa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, na mpaka leo ukienda sokoni mtu anakwambia "nitumie kwa Tigo Pesa". Jina likishaingia mdomoni mwa watu kulitoa ni kazi. Kwa hiyo anayefungua jina la pili ajue pia siku ya kulifunga atalipia.

Kabla sijafika kwetu niwaguse kidogo wale ambao duka la kwanza halitembei ndiyo wanataka jina la pili. Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014, maduka yake matatu, mawili ya Dar na moja la Arusha, yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya, ambayo tayari ilikuwa na duka Moshi. Mabango yakabadilika. Rafu je? Nakumatt ilikuwa imelemewa na madeni, wasambazaji hawalipwi, wakaacha kuleta mzigo, rafu zikabaki wazi. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe kabisa. Huko huko Kenya na huku, jina lilikuwa kubwa sana. Kama tatizo lako ni mtaji umekwama kwa wadeni, jina jipya litakwama kwa wadeni wapya.

Haya, sasa Ufipa.

Hapa ndipo mimi naachana na watu wa Afrika Kusini. Wao wamegawa wateja kwa kipato: tajiri huku, wa kati hapa, maskini kule. Ukijaribu kugawa Sumbawanga hivyo utachanganyikiwa, kwa sababu huku mteja wa bei ya chini na mteja wa bei ya juu mara nyingi ni mtu mmoja kwenye miezi tofauti.

Fikiria mzee wa Mpui mwenye ekari zake za mahindi. Mwezi wa pili ameweka hela yote kwenye mbolea, anamtafutia mtoto sweta la mtumba, anataka la 4,000 na anaomba umpunguzie. Mwezi wa saba au wa nane ameshauza mahindi, NFRA wamemlipa au amemuuzia dalali, baridi ya Ufipa inachoma mifupa, anakuja yule yule anataka blanketi jipya zito, la 60,000, na haombi kupunguziwa sana. Mwalimu na nesi nao, tarehe za mwisho wa mwezi ni Checkers, tarehe 15 ni Usave. Ukimfungulia huyu mtu akaunti mbili, unamlazimisha kila mwezi akutafute kwa jina tofauti. Mwezi wa saba akiwa na hela yake hatakukumbuka, maana anakujua kama muuza mitumba tu. Umemhudumia kipindi kigumu, faida ya mavuno akaipata mwingine.

Kwa hiyo kwa nguo, mashuka, blanketi, mimi nasema jina moja, ngazi mbili ndani yake, kama Tesco walivyorudi kufanya. Kwenye katalogi yangu ya WhatsApp nimetenga sehemu ya mtumba na sehemu ya dukani. Kwenye status asubuhi naweka mtumba, jioni naweka mpya. Belo likifunguliwa napanga gredi ya kwanza na ya pili kila moja na bei yake, na picha hazichanganywi. Msimu ukibadilika nabadilisha kinachokaa juu. Mteja ni yule yule, namba ile ile.

Jambo lingine la mji mdogo. Sumbawanga tunajuana. Ukipiga picha sweta juu ya lile lile kochi la kahawia, kwenye akaunti mbili, halafu huku ni 18,000 na kule ni 15,000, siku mbili hazipiti mtu ameshaziweka picha pembeni kwa pembeni kwenye kundi la akina mama. Na hatasema "kumbe ana akaunti nyingine ya bei nafuu". Atasema "kumbe ile elfu tatu alinipiga". Shoprite na Checkers wanaweza kutofautiana bei kwa sababu duka lenyewe linaonekana ni tofauti, unalipia mazingira. Kwenye simu mazingira ni picha tu. Bidhaa moja, mmiliki mmoja, bei mbili kwa majina mawili, hiyo siipendi na siwashauri, hata kama hakuna sheria unayovunja.

Kuna na wanaofungua jina la pili ili wajifanye washindani wa wenyewe: mteja akiuliza kwa A wanamwambia bei kubwa ili akimbilie B ambayo pia ni yao. Ukigundulika umepoteza A na B pamoja.

Halafu malipo. Hili dogo limewakwamisha wengi. Mteja akilipa kwa Lipa Namba, simu inamtolea jina la mpokeaji kabla hajaweka namba ya siri. Kwa utapeli ulivyojaa siku hizi, watu wanalisoma hilo jina herufi kwa herufi. Jirani yangu sokoni alifungua ukurasa wa pili wa viatu vya watoto, Lipa Namba akabaki na ile ya duka la vyombo. Mama mmoja wa Mtowisa akafika hapo akasita, akampigia: "Mwanangu, hili jina lililotokea ni la nani tena?" Akaelezwa, akasema sawa nitalipa kesho. Hiyo kesho mnaijua. Ukitaka majina mawili, majina yote mawili yasajiliwe BRELA, na jina linalotokea kwenye malipo liwe lile mteja analoliona kwenye ukurasa. TIN yako wewe mtu ni moja tu hata ukiwa na majina ya biashara mawili, kwa hiyo usidhani jina la pili linaficha mauzo. Kuhusu leseni nenda ofisi ya biashara ya halmashauri yako uulize kwa biashara zako zilivyo, usiulize kwenye makundi.

Sasa mtasema, dada wewe mwenyewe si una majina mawili? Ndiyo, ninayo. Na la pili halijagusa nguo kabisa.

La pili ni la dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika. Mzigo unatoka Kirando na Kasanga, naukausha vizuri, naufunga, napeleka kwa basi. Wateja wangu wa dagaa wapo Mbeya, Dodoma na Dar, wengi ni watu wa kwetu waliohama ambao wamechoka na dagaa wenye mchanga. Hawajawahi kununua shuka kwangu na hawatanunua, maana mashuka Kariakoo wanayo kuliko mimi. Na mama wa hapa anayenunua shuka la kitanda cha mgeni hataki kuona picha ya shuka limefuatiwa na picha ya migebuka. Hata mimi nisingenunua. Jina la nguo lingemfukuza mteja wa dagaa, na jina la dagaa lingemfukuza wa mashuka. Hapo ndipo Checkers na Usave wanapopata maana Sumbawanga. Stoo ni moja kwa maana ya mlinzi, kodi na mimi mwenyewe, ila chumba cha dagaa kiko peke yake na mlango wake, hilo halina mjadala.

Mtu ataniambia mbona Bakhresa anaweka Azam kwenye unga, juisi, aiskrimu, boti na king'amuzi? Kweli. Azam imejengwa miaka mingi na unga na juisi vinaingia jikoni kwa familia moja. Jina likifika hapo linaweza kubeba hata boti. La kwako na la kwangu bado lina miaka mitatu.

Kwa hiyo yule wa Namanyere anayetaka kutenga vitenge vya Kongo na vitenge vya bei nafuu: jina moja, ngazi mbili, mteja wako ni mmoja. Yule wa mjini mwenye vipodozi anayetaka kuanza kuuza vipuri vya pikipiki: jina la pili, tena haraka, na namba ya simu tofauti, maana fundi hataki kupitia mafuta ya nywele hamsini ndipo aione plagi.

Na wewe wa Laela uliyekwisha lipia nembo. Chukua daftari la oda, hesabu oda 30 za mwisho. Weka alama kwa kila mtu ambaye aliuliza cha bei ya chini akaondoka bila kununua. Kisha wapigie watano kati yao uwaulize kwa nini. Wakisema bei ilikuwa juu, weka ngazi ya chini kwenye akaunti uliyonayo, ujaribu miezi miwili, msimu wa mauzo ya mahindi mmoja na kabla yake. Wakisema "nilidhani kwako ni pa watu wenye hela, nikaona aibu kuuliza", hapo jina lako ndilo linalowafukuza, na nembo yako mpya ina kazi. Ukiifungua, usihamishe mteja hata mmoja wa akaunti ya zamani kwenda mpya, anza na watu wapya tu. Na tenga daftari lake, faida yake na matangazo yake, ili mwezi wa tatu uweze kujua kama inajilipia yenyewe au inakula kwa dada yake.

Ikishindikana, fanya kama waliobadilisha mabango: siku ya kufunga usizime ghafla. Acha ile namba hewani miezi mitatu na ujumbe mmoja tu unaosema tumehamia wapi, kwa picha zile zile na mtu yule yule anayepokea simu.